Dereva Aliyeitwa Tangi

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, mzee aliponiamuru nizime gari katikati ya njia, kati ya Mikumi na Kilosa. Nilikuwa nampeleka akanisemee uongo kwa wakwe zangu. Yeye hakujua kuwa ni uongo. Mimi nilijua.

Wakati huo nilikuwa dereva wa lori, kijana wa miaka thelathini na miwili, mwenye mabega na majivuno. Tulikuwa tunabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Morogoro. Ukishaipita Mikumi unaingia hifadhini, na humo ndani mtu hashuki ovyo, labda kama amechoka kuishi. Wenzangu walikuwa wanasimama Mikumi kwanza, wananyoosha miguu, wanachimba dawa, yaani wanakojoa, ndipo wanaendelea na safari. Mimi nilijiona mjanja kuliko wote. Maji nilikuwa sinywi tangu asubuhi, na nikizidiwa nabana mpaka Morogoro. Madereva wakanipa jina la Tangi. Nikalipenda, nikamlipa fundi alichore kwa rangi nyekundu nyuma ya lori. Mtu mzima na akili zake, anajisifia kubana mkojo!

Mwili ulinivumilia miaka kadhaa, halafu ukachoka. Nikaanza kuhisi moto kila ninapokojoa. Yakaja maumivu chini ya kinena, nikikaa kwenye kiti saa mbili nashindwa hata kuegemea. Na lile jambo ambalo wazee wengi hulizunguka, mimi leo silizunguki: tendo la ndoa likawa maumivu, hamu ikapotea, mwisho nguvu zenyewe zikanikimbia. Nilikuwa na mke, Fausta, binti wa Magole, na ndoa yetu ilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Badala ya kumwambia, nikaanza kulala ndani ya lori hata nikiwa nyumbani Kilosa. Akiuliza, namkaripia. Nikanunua vidonge vya rangi mbili, leo nikameza viwili, keshokutwa kimoja. Pale stendi ya Dumila nikauziwa mizizi ya kuongeza nguvu za kiume, nikachemsha na kunywa, nikaharisha siku mbili. Mwezi wa nne wa hali hiyo Fausta akafunga nguo zake, akarudi kwao.

Kwetu mke akienda kwao humfuati peke yako. Unatafuta mzee wa upande wako, anatangulia yeye, anakusemea mbele ya wakwe, wewe unakaa kimya umeinamisha kichwa. Mzee wangu alikuwa baba mdogo Anselmi, mdogo wake marehemu baba, mstaafu wa reli aliyehamia Mikumi kulima. Nikampa shikamoo yake, nikamwambia Fausta ana wivu, ananisingizia wanawake. Aliitikia tu, akavaa koti lake, akapanda lori na chupa yake ya maji.

Kabla hatujafika Ulaya, Ulaya yetu ya huku Kilosa, akaniomba nisimame achimbe dawa. Nikasimama. Tulipoipita Ulaya akaomba tena, na safari hii nikaguna.

"Guna tu," akasema. "Nina miaka sabini na haya sina. Shuka na wewe."

"Mimi sina haja, baba mdogo."

"Tangu Mikumi hujanywa hata funda moja, na umekalia upande mmoja wa tako kama mwenye jipu. Zima gari, ushuke."

Nikashuka. Nilienda nyuma ya lori, nikashika bodi kwa mkono mmoja, na yalitoka matone tu, yenye rangi ya chai ya rangi. Nilijikaza lakini sauti ikanitoka. Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama pale, analitazama lile neno jekundu, Tangi.

"Fausta anajua?"

"Hajui."

"Kwa hiyo ameondoka kwa wivu, au kwa sababu ya hiki unachomficha?"

Nikageuka nipande lori, akanishika bega.

"Ulitaka nikakae kwenye mkeka wa watu na mvi zangu hizi, nimwite mtoto wao mwenye wivu. Umenidharau mimi, umemdharau mkeo, na mwili wako umeugeuza punda. Magole hatuendi leo. Tunaanzia hospitali."

Nililia, mwanangu, kando ya barabara, mchana kweupe. Wala sioni aibu kukuambia, maana kilio kile ndicho kilichoanza kunitibu.

Pale Kilosa tulimkuta tabibu mdogo kwangu kwa umri. Aliniuliza kila kitu bila kucheka, akanichunguza, akapima mkojo na damu. Akanieleza kwamba maambukizi yalianzia kwenye njia ya mkojo yakafika kwenye tezi dume, na kwamba ule mtindo wangu wa kukaa na kiu huku nimebana mkojo uliyapa nafasi. Akaniandikia dawa za wiki kadhaa, akanionya nimalize zote hata nikijisikia nimepona. Akaniuliza kama nina mwanamke mwingine. Nikamjibu sina, na hilo lilikuwa kweli. Akasema hata hivyo mke wangu naye apimwe. Nilipotaka kutoka akaniambia nitapona, ila nguvu za kiume nisizitafute tena stendi.

Kesho yake tukaenda Magole. Wakwe walitandika mkeka, salamu zikaenda zikarudi, kisha baba mdogo akasema, "Nilikuja kumsemea kijana wangu. Lakini hili ni la kwake na mkewe. Naomba mmruhusu aseme naye mwenyewe." Baba mkwe akaninyooshea mkono kuelekea uani.

Fausta alikuwa anapepeta mchele, wala hakuinua uso. Nikamwambia naumwa, naumwa tangu kabla ya masika, na kwamba ukali wote ule ulikuwa ni aibu tu. Nikamwambia ugonjwa wenyewe, na nilichoshindwa, kwa majina yake. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Miezi minne namtafuta huyo mwanamke wako wa Mikumi," akasema. "Hadi jina nilishampa."

"Hayupo."

"Basi nimemchukia bure." Akajifuta macho kwa kanga, akaingia ndani, akatoka na kikombe kikubwa cha maji. "Kunywa. Chote, nakuona."

Nikanywa chote. Hakurudi nami siku ile. Alisema atarudi dawa zikiisha, na alirudi. Nguvu zilinirudia taratibu, na yeye hakunihimiza wala kunicheka. Lile neno nyuma ya lori nililifuta mwenyewe. Leo tuna watoto wanne na wajukuu, na kikombe kile bado kipo, kimebonyea, nakinywea kila asubuhi.

Sasa sikiliza, wewe unayeshinda juu ya pikipiki tangu alfajiri na vichupa vyako vya kuongeza nguvu. Kunywa maji. Ukibanwa, simama ukojoe, abiria atasubiri. Kila baada ya muda shuka, tembea, tako na nyonga zipate damu. Ukiwa mzima, jizoeze kukaza ile misuli unayozuilia mkojo, hesabu tano, legeza, rudia mara kumi, hata ukiwa kijiweni hakuna atakayejua. Tumbaku na pombe hupunguza nguvu za kiume, na kukesha vilevile. Pima sukari na presha, maana zikiharibika, kitandani ndiko huonekana mapema. Kuwa mwaminifu, na kama bado unahangaika, kondomu isikosekane. Ukihisi moto, ukiona damu au uvimbe, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, usigawane dawa na rafiki. Na ukifika umri wangu, mkojo ukianza kukatika njiani, kapimwe tezi dume. Mimi nimepimwa, na hakuna uanaume wangu uliobaki kule hospitali.

Lakini la kwanza kuliko yote ni mdomo. Dawa zilinitibu ndani ya wiki chache. Kilichotaka kuivunja nyumba yangu ni sentensi moja niliyoibana miezi minne.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe mwili mzima na mwenza wa kumwambia ukweli. Na siku jambo la aibu likikukuta, akufungue kinywa ukiwa bado nyumbani kwako, usije ukasafiri mpaka uani kwa wakwe ndipo uliseme.