Kopo Lililodai Kutibu Mabaka

Huwa nasema nimeshasamehe, lakini nadanganya. Nikipita mbele ya lile duka la vipodozi Bagamoyo mjini, damu inanichemka.

Mdogo wangu alikuwa amewekwa ndani nyumbani kwetu Kaole, akisubiri ndoa yake. Shangazi ndiye aliyekuwa somo wake, wa kumfunda na kumwandaa, na kila asubuhi alimsinga kwa singo aliyoitwanga mwenyewe: liwa, karafuu, mawaridi makavu. Siku ya tatu bibi harusi akalalamikia mabaka mawili shavuni. Mimi, msomi wa nyumba, nikakimbilia dukani na kurudi na kopo la krimu. Shangazi macho yake hayaoni maandishi madogo, akaniuliza limeandikwaje. Nikamsomea kwa sauti ya kujidai: "Hutibu mabaka na magonjwa yote ya ngozi. Imethibitishwa na madaktari."

"Kama ni dawa, basi tuichanganye humu humu," akasema.

Singo haioshwi upesi. Huachwa ikauke mwilini, ndipo isuguliwe. Siku mbili tulimpaka ile sumu na kumwacha akauke nayo. Alisema inamchoma, tukamwambia avumilie, kila mwari huvumilia. Siku iliyofuata Shangazi alipomsugua, ngozi ya mashavu ikabanduka pamoja na singo.

Tulimkimbiza hospitali, na tulipotoka huko nililipeleka kopo kwa bwana afya. Aliligeuza mara moja tu.

"Kipodozi hakiruhusiwi kudai kinatibu, dada. Kinachotibu ni dawa, na dawa husajiliwa. Namba ya usajili iko wapi?"

Haikuwepo. Nilikwenda dukani, nikamuuliza mwenye duka ni madaktari gani hao waliothibitisha.

"Mama, mimi nauza, siandiki," akajibu, huku akimfungia mteja mwingine kopo lile lile. Nilimtukana mbele za watu na sijutii hata neno moja.

Ndoa ilifungwa, bibi harusi kajifunika uso mpaka mwisho, na picha hakutaka kupigwa.

Juzi alinijia na tangazo la krimu kwenye simu, mashavu yake bado meusi. "Dada, hii hapa wanasema inaponya makovu ya kuungua kwa siku saba. Nisomee vizuri."

Nikamwambia ni uongo, asiiguse.

"Mbona ile ulisema ni kweli?" akaniuliza.