Dakika Tano za Winga Wetu

Nikiwa shule ya upili Kitale, Jumamosi nilikuwa nakwepa kufua nguo ili nikamwone winga wetu wa kushoto. Akipata mpira tu, beki anakaa chini, na sisi wasichana tunapiga sufuria mpaka zinabonyea.

Mwezi uliopita aliaga mpira kwa mechi ya mwisho, kule Bungoma. Nilienda na mtoto wangu mgongoni. Dakika ya themanini na tano, bado amekalia benchi! Nikamwendea kocha pale pale kwenye laini.

"Wewe kocha, kwetu hata mgeni wa siku moja haondoki bila kuchinjiwa kuku. Huyu ametuchezea miaka kumi na mbili, ati anaagwa akiwa benchi?"

"Mama, magoti yake yameisha."

"Na wewe akili imeisha? Mwingize, bana!"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kuimba jina lake. Akaingizwa.

Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili aliukimbilia akichechemea, na beki wa Bungoma akapunguza mwendo, akamwachia kwa heshima. Uwanja mzima ulipiga makofi. Mimi nilishindwa kupiga. Nilizoea kuona mabeki wakimwogopa, si wakimhurumia.