Mhina Haupuliziwi Dawa

"Wewe uliyesoma, hebu nieleze: chungu huyuhuyu anilindie mikorosho yangu Ziwani, halafu akifika Mtawanya awe mwizi?"

Mjomba aliniuliza hivyo akiwa amesimama mbele ya mihina ya mama mdogo, mkononi ameshika kipande cha kamba niliyoikata. Sikurudi nyuma. Kisu bado nilikuwa nacho, na sikukificha.

Mihina ilikuwa mitatu, ubavuni mwa nyumba upande wa jikoni, mirefu kupita mtu mzima. Mama mdogo alikuwa akiwapaka hina maharusi wa kwetu Mtawanya tangu sijazaliwa, na hina ya pakiti hakuwahi kuinunua. Alisema inanuka duka. Majani aliyachuma mwenyewe, akayakausha kivulini, akayatwanga kwenye kinu, akayachekecha kwa kitambaa mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto. Sasa alikuwa anamwoza binti yake wa pekee. Kwa miaka mingi alikuwa akisema kwamba siku ya mwanawe ataivua nguo mihina yote mitatu. Harusi ilikuwa imebakiza wiki chache.

Ndipo wakaingia vidung'ata, wale wadudu weupe kama vipande vya pamba ambao kila mwenye shamba la mihogo anawajua. Walijipanga chini ya majani na kwenye vikonyo, na kila walipokaa majani yalinata kama yamemwagiwa soda. Baada ya muda ule unato ukaota weusi. Ukipitisha kidole, kinatoka na masizi. Majani ya namna hiyo hayatwangwi. Ukiyatwanga unapata tope.

Jirani yetu alikuja kuangalia, akatikisa kichwa.

"Kuna mtu ameisifu mihina hii bila kusema mashaallah."

"Nani?" nikamuuliza.

"Jicho halina jina, mwanangu."

"Basi tumtafute mdudu. Yeye ana miguu."

Mama mdogo akanikanyaga mguu. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, utawala wa umma, nikarudi kwa mama mdogo bila kazi na, kwa maneno yao wenyewe, nikiwa na ugonjwa mmoja unaoitwa "kwa nini". Nilikuwa nauliza hata kwa nini chumvi inatiwa mwisho. Walinivumilia kwa sababu nilifua na kuchota maji.

Mjomba ndiye kaka yao mkubwa, mama yangu na mama mdogo, na kwetu mjomba si mtu wa kumkaribisha tu sikukuu. Posa ikija anayekaa mkekani ni yeye, na akishasema, neno limekwisha, watu wanavaa viatu. Aliposikia habari za mihina alikuja kutoka Ziwani na gunia limefungwa mdomo. Ndani mlikuwa na kiota cha maji moto, wale chungu wa rangi ya machungwa wanaoshona majani kujenga nyumba zao na wanaouma mpaka ukasahau ulichokuwa unasema. Wenye mikorosho wanawapenda. Walipo maji moto, mbu wa korosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, hatui. Mtu anawahamisha kutoka mti hadi mti, anafunga kamba ili wapite juu kwa juu.

Alikitundika kiota kwenye mlimau wa uani, akafunga kamba kutoka mlimau hadi mhina wa kwanza, na nyingine hadi wa pili. Mhina wa tatu kamba haikufika.

"Hao askari," akasema. "Waacheni wafanye kazi."

Niliwaacha, lakini niliweka kigoda. Kila asubuhi baada ya kufagia nilikaa pale na kikombe cha chai nikawaangalia hao askari. Walipita juu ya vidung'ata bila kuwagusa kwa ubaya. Walisimama karibu nao, wakawapapasa kwa vipembe vyao, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Siku moja alitua mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, akaanza kumla kidung'ata mmoja. Maji moto walimkimbilia watano, sita, wakamtimua. Nilikaa pale mdomo wazi. Hawa walikuwa walinzi kweli, ila walikuwa wanamlinda mwizi.

Nikamwita mama mdogo aone. Alikuja na mwiko mkononi, akatazama, akaguna, akarudi kwenye moto.

Wiki ilipokwisha, mihina miwili yenye kamba ilikuwa imekuwa myeupe kama imenyunyiziwa unga. Ule wa tatu, usio na kamba, ulikuwa unaumwa lakini unapumua. Sikuhitaji kitabu. Nilichukua kisu cha vitunguu nikazikata kamba zote mbili. Jioni yake mjomba akafika, ndipo akaniuliza lile swali.

"Sijui, mjomba," nikamjibu. "Sijui kwa nini. Lakini nimeona."

"Umeona! Mimi nimewaona kabla mama yako hajaota meno."

"Kwenye mikorosho."

"Na hapa wamebadili dini?"

Jirani alicheka upande wa pili wa ua. Mjomba akazungusha kipande cha kamba kwenye kiganja chake.

"Haya. Hutaki askari, tutaleta dawa ya maji. Kesho asubuhi napuliza mihina yote. Nisisikie neno."

Nilisema neno. Nilisema dawa ile ni ya mikorosho, na majani haya yanakwenda kwenye ngozi ya mtu.

"Korosho tunapuliza, Wazungu wanakula, nani kafa?"

"Korosho ina ganda, mjomba! Jani la mhina lina ganda? Linatwangwa hivyo hivyo, linapakwa, linakaa mikononi mwa mwanao mpaka asubuhi. Na huyo bibi harusi atakula kwa mikono hiyo hiyo."

"Sasa unanifundisha mwanangu ni nani?"

Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Nilimwangalia aseme kitu. Alipuliza pumba kwenye ungo, akasema, "Kaka, chakula kinapoa." Binti yake, ambaye mikono ilikuwa yake, alijifanya anatafuta kitu chumbani. Niliwakasirikia wao kuliko nilivyomkasirikia mjomba. Yeye angalau alikuwa anasema anachokitaka.

Usiku ule mjomba akaazima dawa na bomba la kupulizia kwa mwenye mikorosho wa karibu, akalala palepale. Alfajiri nilimsikia anakoroga dawa uani, halafu akaenda msikitini kuswali, akaliacha lile bomba la mgongoni barazani. Nilijilaza nikijiambia kwamba nikitoka sasa hivi nikalimwaga, nitakuwa nimemwibia mtu mzima akiwa kwenye ibada. Nikasubiri arudi, nikatoka mbele ya macho yake, nikaenda kusimama kati yake na mihina.

"Toka hapo."

"Sitoki."

"Upepo ukiamka dawa itapotea. Toka, mama."

"Pulizia hapa hapa nilipo, mjomba. Kama haina madhara kwa bibi harusi, haina madhara kwangu."

Akaushika mpira wa bomba. Sidhani kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumsemesha vile, na nilijua kwamba siku posa yangu itakapokuja atakuwa yeye kwenye mkeka. Akapampu mara kadhaa. Nilidhani ananitisha. Kisha akabonyeza, na ule ukungu wa baridi ukanipiga kifuani, ukalowesha khanga na shingo. Nilifumba macho na mdomo. Sikusogea.

Ukungu ulikatika. Nilipofumbua macho mjomba alikuwa ameshusha mpira.

"Mtoto huyu ana wazimu," akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Nenda kaoge. Nenda kaoge upesi!"

Akalitua bomba na kwenda zake stendi bila chai. Mama mdogo hakuwa hata ameinuka kwenye kigoda chake jikoni.

Nilioga mara tatu kwa sabuni ya mche. Shingo iliniwasha mpaka mchana, kichwa kikanizunguka, ulimi ukawa na ladha ya chuma. Nilijilaza sakafuni nikiwa nimejaa ushindi, nikihesabu dalili za sumu moja moja.

Kesho yake nilianza kazi. Kiota cha maji moto nilikiondoa kwa ufito mrefu nikiwa nimevaa soksi mikononi. Waliniuma hata hivyo. Matawi yaliyogusa ukuta na mlimau nikayakata ili wasiwe na njia. Mashina nikayapaka grisi kutoka kwa fundi baiskeli. Yale matawi yaliyokuwa meusi kabisa tuliyakata na kuyachoma, na hapo mama mdogo alinisaidia, akikata bila huruma, akininong'oneza nisiguse vichipukizi. Majani yaliyobaki tuliyaosha kwa maji ya sabuni, upande wa chini, jani kwa jani, halafu kwa maji matupu. Jirani alipita akatuona.

"Mnaogesha miti sasa?"

"Tunaosha jicho," nikamwambia.

Safari hii mama mdogo hakunikanyaga. Alicheka.

Wale wadudu wekundu wenye madoa walirudi wenyewe, na hakuna aliyewafukuza. Mihina miwili ya kwanza haikutupatia kitu. Wa tatu ulitupatia majani ya kujaza ungo mmoja, safi, ya kijani kibichi. Haikuwa kuivua nguo mihina yote mitatu. Hina ya mwanawe ilifika kwenye viwiko badala ya kupanda juu, na miguuni iliishia vifundoni, lakini ilikolea mpaka ikawa na wekundu wa karibu na weusi. Mjomba alikuja, kwa sababu hakuna ndoa bila yeye. Alishika mikono ya bibi harusi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Imekolea," akasema, akiangalia ukuta.

Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Hadi leo siombi.

Miaka imepita. Mtoto wa yule bibi harusi sasa anatembea na kuvunja vikombe. Mwaka huu nilikuwa namsaidia mama mdogo kutwanga majani ya harusi ya watu wengine, nikamkumbusha jinsi alivyoniacha peke yangu mbele ya bomba, akikaa jikoni kama si mihina yake. Nilimwambia kwamba lile halijanitoka moyoni.

Aliweka mchi chini akanitazama kwa mshangao.

"Kaka yangu hakatazwi mbele za watu," akasema. "Anaachwa apulize."

Dawa alikuwa ameimwaga chooni alfajiri ile, mjomba alipokuwa msikitini, akalisuuza bomba na kulijaza maji ya kisima.