Mwenye Moyo Hadanganywi

Kwetu habari ya kifo hupimwa kwanza kulingana na tabia ya anayeipokea. Mimi huambiwa mgonjwa kazidiwa. Dada yangu huambiwa amekufa.

Mimi ni mtu wa moto. Hasira, kicheko, kilio, vyote kwangu vinakaa karibu na mlango. Baba alipofariki niliambiwa anataka kuniona. Nilipokaribia kijijini kwetu Buswahili, nikawakuta shangazi zangu njiani, tayari kunidaka. Dada ni mtulivu, kwa hiyo yeye alishaambiwa ukweli mtupu tangu asubuhi, na alishanunua sanda na kuupigia simu ukoo mzima. "Huyu ana moyo," wakasema. Sifa hiyo naichukia, maana mtu akishapewa hakuna tena anayemshika mkono.

Mwaka huu lori lilimgonga mtoto wa pekee wa dada, aliyekuwa anaendesha bodaboda Bunda. Mjomba wetu anaishi hukohuko Bunda, na ndiye aliyeitwa kuutambua mwili. Akampigia dada, akamkuta anaanika mihogo uani, akamwambia bila kuzunguka: kijana ametutoka. Kisha akaongeza kwamba amwite mdogo wake, ila asimwambie kitu, si unamjua alivyo.

Mimi nilikuwa Nyakato, kwenye cherehani yangu. Simu ikaita, na sauti ya dada ilikuwa ileile ya siku zote.

"Mwanao kaumia mguu kidogo. Njoo nyumbani tumuuguze."

Nikafoka. "Si nilimwambiaga apunguze mwendo? Haya, labda sasa atakoma!"

"Ni kweli," akanijibu. "Wewe njoo tu."

Nilipoliona turubai uani kwetu, nilianguka palepale. Wanawake walinibeba, wakanimwagia maji, wakanipepea kwa khanga. Yeye alikuwa anagawa mikeka kwa wageni.

Tulipomaliza kuzika nilimfuata jikoni. Nilikuwa na uchungu, na uchungu wangu hautoki bila makelele.

"Dada, ulipata wapi moyo wa kunidanganya, na mtoto ni wako mwenyewe?"

Alikuwa ameshika sufuria. Akaiweka chini.

"Wewe ulikuja na machungwa ya mgonjwa," akasema. "Njia nzima, kwako mtoto alikuwa mzima. Mimi hamjanidanganyaga hata siku moja. Na mimi nilitaka kudanganywa, mdogo wangu. Hata mpaka nifike Bunda tu."

Tangu siku ile haendi shamba, hapiki, na ukimsemesha hajibu. Nimeiacha cherehani nimebaki hapa kumwangalia. Mjomba anasema tusiwe na wasiwasi, yule ana moyo, atakaa sawa. Majirani nao bado wanakuja kutoa pole. Wanamsalimia pale alipokaa, halafu wanakuja kunishika mkono mimi.