Mwaka Atlético Walipochukua Ubingwa

Wakongo wa mtaa wa Iroquois, upande wa kusini wa Louisville, Amerika, wakibishana juu ya mpira wa Hispania hawakuhangaika kutafuta kwenye simu. Walimwita Zihindula. Alikuwa mtu mfupi wa miaka arobaini na miwili, mpakiaji wa vifurushi katika bohari karibu na uwanja wa ndege, na ibada ya Jumapili ikiisha ungemkuta kwenye maegesho ya kanisa, koti begani, watu wamemzunguka. Mmoja anataja mwaka, yeye anataja bingwa. Thelathini na tano? "Betis, na hawajarudia tena." Arobaini na sita? "Sevilla. Nao mara moja tu." Themanini na moja? "Real Sociedad. Na mwaka uliofuata wakachukua tena."

Tulifanya kazi zamu moja kwa miaka sita na sikumsikia akikosea. Ila niligundua kitu. Akifika elfu mbili kumi na nne alisema "Atlético" haraka, kwa sauti ya chini, akakimbilia mwaka wa mbele. Nilidhani ni ushabiki tu. Sababu yenyewe aliniambia mwaka huu, baada ya mambo yote kutoka nje.

Orodha hiyo alifundishwa na kaka yake mkubwa, Aganze, huko Bukavu. Aganze alikuwa akiendesha ukumbi wa video mtaani Kadutu: televisheni moja, mabenchi, jenereta. Mwaka wa tisini na nne, Barcelona walipochukua ubingwa siku ya mwisho kwa sababu Deportivo walikosa penalti dakika za mwisho kabisa, mtu mmoja aliwaachia jarida la Kifaransa lisilo na jalada. Ndani mlikuwa na mabingwa wote tangu ishirini na tisa. Ndugu hao wawili waliikariri orodha wakipanda mlima na madumu ya maji. Baada ya thelathini na sita, Athletic wa Bilbao, palikuwa na miaka mitatu bila jina lolote, na chini yake maandishi madogo: vita. Zihindula alitaka kuiruka.

"Apana," Aganze alimwambia. "Pale tunanyamaza. Pumuzi tatu. Kisha arobaini, Atlético. Ukiruka unadanganya."

Basi wakawa wanakariri hivyo, na pumzi tatu katikati. Hakuna mwingine aliyejua kwa nini.

Mwaka wa elfu mbili na tatu, Madrid wakiwa mabingwa, mke wa Aganze alijifungua mtoto wa kike na akafariki kabla ya wiki kwisha. Mtoto akaitwa Gracieuse. Mwaka uliofuata Valencia walichukua ubingwa mwezi wa tano, na wiki chache baadaye vita viliingia Bukavu. Risasi zilipokaribia Kadutu, Aganze alimfunga mtoto mgongoni kwa mdogo wake. "Tangulia naye parokiani," alisema. "Nafunga ukumbi, nakuja." Hakuja. Zihindula alingoja siku tatu, akafuata watu waliokuwa wakiondoka, na mwisho wa safari alikuwa Nakivale, kambini Uganda, na mtoto wa mwaka mmoja ambaye si wake.

Huko alimwoa Clémence, msichana aliyetoka Walungu, karibu na Bukavu. Alimwambia kwamba kaka yake aliuawa, naye mwenyewe aliamini hivyo. Clémence alimchukua mtoto kama aliyemzaa. Walipoandikishwa, karani aliuliza, "Huyu ni wenu?" Clémence akajibu ndiyo kabla mumewe hajafungua mdomo. Wao wawili hawakupata mtoto mwingine.

Mwezi wa sita wa elfu mbili kumi na nne, Atlético wakiwa wametoka sare na Barcelona na kuchukua kombe, mchuuzi mmoja alifika kambini akitokea Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu. Alimtafuta Zihindula banda kwa banda. "Kule kuna mtu anaitwa Aganze," alisema. "Mguu wake ulivunjika siku ile ya vita, anachechemea. Anauliza kila mtu juu ya ndugu yake na mtoto. Nimwambie nini?"

Mahojiano ya kwenda Amerika yalikuwa baada ya wiki mbili. Faili lilisema baba, mama, mtoto. Gracieuse alikuwa na miaka kumi na mmoja, yuko shule, anamwita Clémence mama. Zihindula alimpa mchuuzi chai, akamwambia, "Nitakupa jibu." Kesho yake akakaa ndani hadi mchuuzi alipoondoka. Hakumwambia mke wake. Mwaka wa kumi na sita walishuka Louisville.

Miaka ilikwenda. Clémence alipata kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Gracieuse alimaliza shule, akapata cheti cha kusaidia wagonjwa, akanunua gari kabla ya baba yake. Mwezi wa tano mwaka huu, Barcelona walipotawazwa, vijana wa kundi letu la WhatsApp walimchokoza Zihindula ataje wote kwa pumzi moja. Alirekodi akiwa ndani ya gari wakati wa mapumziko, mimi nikiwa kiti cha pili. Akataja tangu ishirini na tisa. Akafika thelathini na sita, akanyamaza pumzi tatu, akaendelea. Vijana walicheka, wakaituma huku na huku, Ohio, Texas, New York.

Siku ya nne alipata ujumbe wa sauti kutoka namba ya Buffalo, New York. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyechoka.

"Bon. Nani alikufundisha kunyamaza pale?"

Aliusikiliza kwenye maegesho ya bohari. Aliniambia kwamba furaha ilimpata kwanza, ya kweli, ya kutaka kupiga kelele. Kisha woga ukaja juu yake ukaifunika. Siku tisa hakujibu. Siku ya kumi alipiga.

"Yaya," alisema. Kwao mkubwa huitwa hivyo.

"Zihindula," kaka yake alisema. "Mutoto iko?"

"Iko. Alikomea, ni mutu mukubwa. Iko na miaka makumi mbili na mbili."

Akamsikia kaka yake akilia, kilio cha mtu asiyejizuia. Aganze alikuwa amefika Buffalo mwaka uliopita, kupitia kambi ya Tanzania, peke yake. Alikuwa anafunga masanduku kiwandani na kuishi Cheektowaga, kando ya mji, katika chumba cha nyumba ya mtu wa kanisa aitwaye Leopoldi. Alipoweza kusema tena, aliuliza jambo moja: "Anajua kama miye niko?"

"Apana, yaya."

Jioni hiyo alimwambia Clémence, yote, mpaka mchuuzi. Clémence alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliweka kisu mezani.

"Uliniambiaka alikufa."

"Nilidhani alikufa."

"Mpaka wakati gani?"

Alipomjibu, Clémence hakupiga kelele. "Miye nilibeba mutoto ya mutu mwenye anaishi," alisema. "Miaka kumi na moja uliniona naye, na ukanyamaza." Kuanzia siku hiyo alilala katika chumba cha wageni. Walikwenda kwa mwanasheria pia, kwa ajili ya makaratasi. Aliwasikiliza, akasema jambo kama hilo huenda likarekebishika na huenda likaharibika, na kwamba lazima lisemwe. Hakuahidi chochote.

Gracieuse aliambiwa Jumapili, sebuleni, bado na nguo za kanisa. Alisikiliza huku akimtazama Clémence, si baba yake. Mwisho aliuliza kwa Kiingereza kama kulikuwa na picha ya mama yake mzazi. Hakuna. Kisha akageuka, akahamia Kiswahili, ambacho siku hizi alikitumia mara chache.

"Papa, ulijuaka tangu lini?"

"Tangu mwaka ya Atlético."

"Usiniambie timu. Sema mwaka."

"Elfu mbili kumi na nne."

"Nilikuwa na miaka ngapi?"

Gracieuse akajibu mwenyewe: "Kumi na moja. Ningeweza kuongea naye." Akaingia chumbani. Clémence akamfuata, mlango ukafungwa, na Zihindula akabaki sebuleni na viatu vyake vya kanisa.

Walipanga kukutana Columbus, kwa sababu Aganze haendeshi gari na Leopoldi, ambaye angempeleka, alikuwa na harusi ya kuhudhuria huko. Binamu yao Patricia anaishi upande wa mashariki wa mji, akatoa nyumba yake. Gracieuse aliendesha kutoka Louisville, Clémence mbele, Zihindula nyuma. Muda wa saa tatu na nusu barabarani, na maneno waliyosemezana yalihusu petroli na choo.

Aganze alikuwa amesimama mlangoni walipofika, ameegemea fimbo. Nywele zote nyeupe, naye ana miaka arobaini na tisa. Hakumtazama mdogo wake. Alimtazama binti, muda mrefu, kisha akaomba, kama anayeomba kitu cha watu, "Nionyeshe mikono yako." Gracieuse akainyoosha. "Ni ya mama yako," alisema. "Vidole hivi. Aliitwaka Isaro." Ndipo Gracieuse alipopiga magoti, akamshika miguu, na Clémence akaingia ndani haraka, akasimama jikoni kwa Patricia akiosha vikombe vilivyo safi.

Baada ya chakula ndugu wawili waliachwa peke yao uani. Zihindula alikuwa amejiandaa kukiri. Alianza, "Yaya, kuna mutu alikuja Nakivale..."

"Najua," Aganze alisema. "Alirudi Kamituga. Aliniambia amekuona, umenona kidogo, umemupa chai. Alisema utatuma jibu."

Zihindula akasogeza kiti chake karibu.

"Nilingoja. Kila mutu mwenye alitoka njia ya Uganda nilimuuliza. Kisha nikasema pengine umekufa." Aliinua fimbo, akaishusha. "Nilikuwa naona afadhali umekufa. Unaelewa? Ile wazo njo ilikuwa inanituliza."

"Niliogopa watatukatalia. Ningesema kweli, wangetupa faili."

"Pengine."

"Angebaki kambini, yaya."

"Pengine angebaki. Pengine ningemupata kule." Aganze alimtazama kwa mara ya kwanza. "Sikukulaani. Lakini usiniulize neno ingine. Siko nayo."

Waliagana jioni. Aganze alimshukuru Clémence kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa, naye Clémence akalia palepale, mbele ya gari, mpaka Gracieuse akamshika mabega. Ndugu walipeana mkono kama watu waliotambulishwa siku hiyo.

Mwezi wa nane Gracieuse alihamia Buffalo. Alipata kazi katika nyumba ya wazee, akapanga sehemu ya chini ya nyumba Cheektowaga, akamchukua baba yake mzazi akae naye. Kila siku alimpigia Clémence. Kwa Zihindula alituma ujumbe wa maandishi, mfupi, wa salamu. Maegeshoni watu waliendelea kumuuliza, mwanzoni kwa mazoea, kisha kwa huruma, kisha wakaacha, kwa sababu alikuwa anajibu, "Tazama kwenye simu yako." Nilimwona siku moja akisimama nyuma ya lori, kifurushi mkononi, hajui akiweke wapi. Nilikichukua nikakiweka.

Clémence alipanda basi kwenda kuwaona mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Zihindula hakualikwa. Alikula peke yake, akafua nguo za kazi, akafagia chumba cha Gracieuse ambacho hakikuwa na uchafu. Mchana wa Jumamosi simu iliita. Alikuwa Gracieuse, na nyuma yake kelele za sufuria na sauti ya Clémence.

"Mguu inamuuma sana na baridi," alisema. "Anakataa dawa na hakuli. Zamani, akigonjwa, alipenda nini?"

Zihindula akakaa kitini. Akafikiri. Akamweleza uji wa mtama, mwepesi, bila sukari, na ndagala, wale samaki wadogo, waliokaangwa kando mpaka wakauke, na kwamba asisimamiwe akiwa anakula, aachwe peke yake. Gracieuse alirudia kila kitu polepole, kama anayeandika.

"Asante, papa mudogo," akasema.

Hivyo ndivyo mtoto wa kwao anavyomwita ndugu mdogo wa baba yake. Hakuna kosa lolote katika neno hilo. Zihindula alibaki na simu sikioni.

"Uko?" Gracieuse akauliza.

"Niko," alijibu. "Usiweke chumvi nyingi."