Benchi la Waasisi

Benchi lenyewe lilitengenezwa kwa mkaratusi uliokatwa shambani kwetu, na kabla sijajua kusoma nilijua kwamba lile ni benchi la Tata, kama tunavyowaita baba zetu huku. Liliwekwa nje ya benki yetu pale Ekerenyo, likitazamana na stendi ya boda boda. Nasema benki yetu kwa sababu ilikuwa yetu kweli. Wakulima waliopeleka majani chai kwenye banda moja la kupimia walichanga sehemu ya bonasi yao, wakanunua jengo lililokuwa na kinu cha kusaga mahindi, wakaanza kuwekeana akiba na kukopeshana. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Hata nilipokuwa mkubwa, ukiegemea ukuta wa ndani uliondoka na unga kwenye koti.

Nilipokuwa darasa la tatu, kulivuma kwamba meneja ametoroka na pesa. Watu walijaa mlangoni, wengine na majembe waliyotoka nayo shambani. Tata na waasisi wenzake wakatoka ndani, wakaketi kwenye lile benchi, wakaagiza ndizi mbivu, wakala wakiulizana habari za ng'ombe. Hawakuhutubia mtu. Watu wakaona wenye akiba kubwa kuliko zao wanamenya ndizi, wakaingiwa na aibu, wakarudi makwao. Kumbe meneja alikuwa amelazwa Kisii kwa malaria. Kisa hicho kilisimuliwa katika kila mkutano mkuu, kikawa desturi: benki ikisemwa vibaya, waasisi hukalia benchi.

Nimejaribu mara nyingi kutafuta kosa letu lilianzia wapi. Kila mara naishia kwenye zile ndizi.

Nilirudi nyumbani na digrii ya biashara, bila kazi. Mama alikuwa ameanza kuburuta mguu. Nyonga ilikuwa imelika, na daktari alisema ni upasuaji tu utakaomsimamisha. Pesa zilikuwepo. Tata alikuwa ameacha bonasi zake benki bila kuzigusa, kwa kazi hiyo tu, akingoja chai ipungue ili apate nafasi ya kukaa na Mama hospitalini.

Mimi ni mtu wa kuona moshi kabla ya moto, na mara nyingi huwa hakuna moto. Kwa hiyo nilipoona tangazo la kuahirisha mkutano mkuu, nilijikemea. Lilipobandikwa la pili juu ya la kwanza, nilikosa usingizi. Dirishani watu waliambiwa mtandao umeenda, warudi kesho. Uvumi ukaanza tena. Na wazee wakatoka, kila mmoja na fimbo yake, wakaketi.

Siku moja nilimpelekea Tata chai pale. Karani mmoja niliyesoma naye akanivuta kando.

"Mzee wako anaungua jua bure pale," aliniambia. "Mwambie atafute kivuli."

"Unamaanisha nini?"

"Namaanisha jua ni kali."

Nililigeuzageuza neno hilo njia nzima. Siku hizo akaunti zilikuwa zimeunganishwa na simu. Mtu aliweza kuhamisha akiba yake akiwa kitandani, bila kupanga foleni wala kuonwa na yeyote. Benchi lilikuwa limewekwa kulinda mlango, na pesa hazikuwa zikitoka tena kwa mlango.

Jioni hiyo nilimweleza Tata. Nilieleza vibaya, kwa maneno mengi ya chuo.

"Umemaliza?" akauliza.

"Tata, wanaojua mambo ya ndani wanatoa kimyakimya. Nyinyi mnawashikia watu mlango wasitoke."

"Hiyo digrii yako imewahi kujenga hata choo?" Mama alicheka jikoni, naye Tata akatabasamu kwa kuwa mzaha wake umechekesha, kisha akawa mzito. "Mwanangu, nikitoa leo, kesho watasema mwenye benchi amekimbia. Benki itakufa kwa mkono wangu."

"Na nyonga ya Mama?"

Tata aliinuka. Akaenda kufunga ng'ombe.

Simu yake ilikuwa mezani. Mimi ndiye niliyemwekea namba ya siri, na Mama alijua. Aliketi pembeni yangu, akautoa mguu mbele kwa mikono miwili kama mtu anayesogeza kuni.

"Nikihamisha sasa hatajua hadi ukiwa umeshatibiwa," nilimwambia.

"Atajua. Halafu ataketi wapi?"

"Mama, ni mguu wako."

"Ndiyo. Kwa hiyo ni mimi nasema. Iache hiyo simu."

Niliiacha. Tata aliendelea kwenda benchini hadi Ijumaa, akaondoka mapema kwa ajili ya Sabato, inayoingia jua likizama. Jumatatu wazee walikuta mnyororo mlangoni na karatasi iliyosema huduma zimesitishwa. Meneja hapokei simu hadi leo. Akiba ya Tata bado inaonekana ukiuliza salio. Haitoki.

Wiki hiyo jirani yetu mjane alikuja na maziwa, jinsi watu wanavyokuja kwenye msiba. Alimsalimu Tata, akammiminia kikombe.

"Omogaka," alisema, kwa neno la heshima tunalowaitia wazee, "ile Jumatano kabla benki haijafungwa nilikuja kutoa akiba yangu, kitambulisho mkononi. Ilikuwa karo ya mtoto. Nikafika pale stendi ya boda boda, nikakuona umeketi. Nikasema, kama yeye ameketi, mimi ni nani nikimbie? Nikarudi."

Hakusema kwa hasira. Nadhani alidhani anamfariji. Tata alishika kikombe mpaka maziwa yakaganda utando juu, na tangu siku hiyo hupeleka majani chai kwa njia ya chini, ya mtoni, asikutane na watu.

Ila siku ya Sabato hana jinsi. Njia ya mtoni ina mteremko, na Mama haiwezi. Lazima tupite sokoni. Mama anatumia fimbo ya Tata sasa. Akifika mbele ya lile jengo nyonga humkataa, na hakuna pengine pa kukaa. Basi huketi pale benchini, peke yake, akiukunjua mguu polepole, huku waendao kanisani wakimsalimu na kutazama kwingine. Tata husimama ng'ambo ya barabara na Biblia zote mbili mkononi, amegeuza uso upande wa stendi, akisubiri maumivu yapoe.