Fahali wa Kitabuni

Fahali mwenyewe sikuwahi kumwona. Nilimchagua kwenye kitabu cha mbegu za kupandikiza alichokuja nacho daktari wa mifugo, nyumbani kwetu nje ya Msambweni. Kila fahali alikuwa na namba zake, zikikisia kutokana na ukoo wake ndama wake watakuwaje. Mimi nilitaka mtamba wangu, ambaye hajawahi kuzaa, anizalie ng'ombe wa kutikisa soko la Idi ya kuchinja, nikamchukua aliyewashinda wote kwa uzito wa ndama wakikomaa.

Daktari akanionyesha namba nyingine, ya uzito wa kuzaliwa. "Mzee wangu, ndama zake huzaliwa wakubwa mno. Mtamba wako wa kienyeji hatawaweza."

Nikamwambia mimi nimekulia zizini, asinifundishe ng'ombe. Akapandikiza mbegu, akaenda zake.

Siku ya kuzaa, mtamba alihangaika tangu alfajiri. Miguu miwili ya ndama ilitoka, kichwa kikakwama. Adhuhuri mdogo wangu akaja na kisu. "Kaka, tumchinje angali hai. Akijifia ni nyamafu, haliwi."

Nilimpokonya kisu. Nilisema daktari yuko njiani, na ndama yule simtoi kafara kwa ajili ya kitoweo.

Daktari niliyempigia simu alikuwa bado kijijini Jego, mbali na kwetu. Mtamba alikufa kabla hajafika, bila ya bismillahi, na majirani waliokuja na masinia wakarudi nayo matupu.

Tulichimba shimo hadi magharibi. Kabla ya kufukia, mdogo wangu alimvuta yule ndama hadi akatoka, naye keshakufa, akamlaza kando ya mama yake. Alikuwa mkubwa kweli. Kitabu hakikunidanganya.